Kufuga mkunga wa baharini Kisumu au Nakuru: anza na maji, samaki aje mwisho

Wengi wanaoniuliza kuhusu mkunga, yule samaki wa baharini mwenye umbo la nyoka, huanza na bei ya samaki. Bei ya samaki ni ndogo ukilinganisha na kila kitu kingine utakachonunua, na mkunga mwenyewe hana matatizo mengi: ni mvumilivu, haugui ovyo, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka kumi. Kazi iko kwenye maji. Mtu wa Mombasa akikosa maji ya chumvi anateremka ufuoni na mtungi. Sisi huku tuna ziwa lisilo na chumvi Kisumu, ziwa la magadi Nakuru, na kutoka Kisumu hadi baharini ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Ndiyo maana mwongozo huu, ukishajua aina ya kulenga, unaanza na tangi, unafuata maji, kisha stima, na samaki anakuja mwisho kabisa. Ukibadilisha mpangilio huo, samaki ndiye atakayelipa.

Chagua aina kabla ya kupima kioo

Kuna aina karibu 200 za mikunga duniani, na nyingi hazifai kukaa nyumbani. Yule mkubwa wa miambani, Gymnothorax javanicus, hufika mita 3 na kilo 30. Mwenye madoa kama sega la asali, Gymnothorax favagineus, naye hukaribia urefu huo. Muuzaji anaweza kukuletea mtoto wake wa sentimita 30, anapendeza kweli, lakini miaka michache baadaye hutakuwa na tangi linalomtosha. Yule mwembamba wa samawati na njano, Rhinomuraena quaesita, muache baharini. Wengi wao hugoma kula wakifungiwa na hufa kwa njaa polepole huku mwenyewe akiangalia.

Anayefaa kwa anayeanza ni Echidna nebulosa, ambaye wauzaji humwita snowflake. Mwili wake ni mweupe wenye mabaka meusi yaliyotawanyika, ndani yake kuna vidoa vya njano, na hata macho yake ni ya njano. Kwenye tangi hufika sentimita 60 hadi 75, mara chache mita moja. Anapatikana Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, na chakula chake hasa ni kaa na kamba. Meno yake ni butu, ya kusagia magamba. Mikunga wanaokula samaki wana meno marefu yaliyochongoka, na ukiwa na watoto nyumbani tofauti hiyo ni kubwa.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti. Biashara ya samaki wa mapambo nchini inasimamiwa chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite haziruhusu kutoa kiumbe yeyote. Ukimpata mtu anayekuambia "nitakutolea mmoja usiku", achana naye.

Tangi, na hasa kifuniko

Kwa snowflake mmoja, lita 300 ndicho kiwango cha chini, na ukiweza kufika 400 itakuwa bora. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 55 linakupa karibu lita 400. Upana una faida kuliko kimo kwa sababu mkunga hutambaa chini, hapandi juu kuogelea.

Fundi wa vioo anaweza kukuambia, "Mkubwa, milimita 6 inatosha, nimetengeneza mengi." Kwa kimo hicho mwambie akate milimita 12. Silikoni iwe ya akwaria, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe. Kisha lijaze maji ya bomba, liache nje kwa siku mbili tatu juu ya sakafu tambarare, na upitishe karatasi ya shashi kwenye kila pembe. Karatasi ikilowa, lirudishe tangi kwa fundi kabla hujalipa salio.

Stendi ichomelewe na watu wa jua kali kwa chuma, si mbao za kabati. Maji, kioo na mawe kwa pamoja hukaribia nusu tani. Kama unakaa ghorofani, liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, na ongea na mwenye nyumba kwanza.

Sasa kifuniko. Mikunga wengi wanaofugwa hufa sakafuni, nyuma ya kabati, wakiwa wamekauka. Mkunga hana mapezi ya kifuani wala ya tumboni, mwili wake wote ni msuli uliofunikwa ute, na popote kichwa chake kinapopita mwili wote utapita. Hata kutoka majini hakumtishi. Mwaka 2021 mtafiti Rita Mehta na mwenzake walionyesha kwamba snowflake anaweza kunyakua na kumeza chakula akiwa nchi kavu kabisa, na hiyo inaendana na maisha yake porini, anapotambaa miambani maji yakitoka kuwatafuta kaa. Kwa hiyo funika tangi lote. Kioo au wavu mgumu wa plastiki, uliobanwa kwa klipu pande zote nne, na juu yake kitu kizito. Pale nyaya na mabomba yanapopita ndipo penye hatari: ziba kwa sponji au wavu mpaka hata kidole kidogo kisipite. Mdomo wa bomba linalopeleka maji kwenye filta nao ufunikwe. Usiku wa kwanza atapapasa kila ukingo kwa pua, na ukikaa kimya utamwona akirudi mara tatu nne kwenye tundu lilelile. Hilo tundu lizibe usiku huohuo.

Ndani, weka paipu za PVC za inchi 2 kutoka hadwea, angalau mbili, ndefu kiasi cha kumficha mwili mzima. Zifunike kwa mawe kama hupendi sura yake. Kwa mawe sipendekezi matumbawe yaliyong'olewa baharini. Mawe ya matumbawe ya zamani yanayochimbwa kwenye machimbo ya nchi kavu huko Kilifi na Mombasa, yale ya kujengea nyumba, yanafaa yakisuguliwa na kulowekwa vizuri. Yasimamishe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, mkunga atachimba na jiwe litaanguka. Mchanga wa mtoni au wa ziwani usiutumie.

Maji ya chumvi, mbali na bahari

Maji ya bomba yana klorini. Maji ya visima vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, mara nyingi yana floridi nyingi. Maji ya mvua ya mabati yanaonekana safi, lakini mabati yamepakwa zinki, nayo ni sumu kwa viumbe vya bahari. Na tafadhali usichote maji ya Ziwa Nakuru ukidhani chumvi ni chumvi: yale ni magadi, na samaki wa bahari hataishi humo.

Njia rahisi kwa mtu wa mjini ni maduka ya kujaza maji ya kunywa, yanayosafisha kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini. Nenda na kipimo kidogo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, na upime mbele ya muuzaji. Kikisoma chini ya 20, chukua. Kikisoma 80 au 100, ama wanarudishia madini ama chujio limechoka, basi jaribu duka lingine. Ukishazoea hobi hii nunua mashine yako mwenyewe ya RO, kwa sababu kubeba mitungi ya lita 20 kila wiki kunachosha.

Chumvi iwe ile ya akwaria ya bahari. Chumvi ya mezani haina kalisi, magnesi wala madini mengine ambayo maji ya bahari huwa nayo, na imeongezwa iodini. Utahitaji takriban gramu 35 hadi 38 kwa lita, kwa hiyo lita 400 zitakula kilo 14 au 15. Changanya kwenye pipa la plastiki lililokuwa la chakula, halijawahi kubeba dawa wala mafuta. Tumbukiza pampu ndogo na hita, acha maji yazunguke saa 24, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima ukali wa chumvi: uzito linganifu, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu, uwe kati ya 1.023 na 1.026. Kadiri siku zinavyopita, maji yanayopungua kwa joto ni maji matupu, chumvi inabaki. Rudishia kwa maji ya RO yasiyo na chumvi, la sivyo tangi litazidi kuwa kali kila wiki.

Acha tangi likomae

Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka amonia, na amonia huua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali vile. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 8 kujaa kwenye mawe na filta.

Tupa kamba mmoja mbichi ndani ya tangi lisilo na samaki, aoze humo. Pima kila siku mbili tatu. Amonia itapanda, kisha itashuka wakati nitriti inapanda, kisha nitriti nayo itashuka. Siku amonia na nitriti zote zinasoma 0, na ukiongeza chanzo kingine cha amonia zinarudi 0 ndani ya saa 24, tangi liko tayari. Badilisha theluthi ya maji kupunguza nitrati. Mkunga anakula nyama na anachafua maji sana, kwa hivyo weka skima ya protini, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, ya ukubwa wa tangi mara mbili ya lako. Hiki ndicho kifaa ambacho nisingepunguza bajeti yake.

Joto, hewa na stima

Lenga nyuzi 24 hadi 27. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi, kwa hivyo hita mbili za wati 200 ni bora kuliko moja kubwa. Moja ikiharibika, nyingine inashikilia. Zivalishe kinga ya plastiki, maana mkunga hupenda kujizungusha kwenye hita na ngozi yake haina magamba. Kisumu shida ni mchana: Januari na Februari maji yanaweza kupita nyuzi 29 bila hita yoyote. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji, kupitia wavu wa kifuniko, hushusha nyuzi mbili hivi, mradi uwe tayari kurudishia maji yanayopotea.

Jambo ambalo vitabu vya nje havilisemi kwa sababu waandishi wake wako karibu na usawa wa bahari: kwetu hewa ni nyepesi. Nakuru mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20, Kisumu kwa zaidi ya asilimia 10, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko yasiyo na chumvi. Kwa hiyo usitegemee filta peke yake. Weka pampu ya mawimbi inayovuruga uso wa maji usiku na mchana. Mgeni akimwona mkunga wako akifunua na kufumba mdomo atadhani anatisha watu. Anapumua tu, anasukuma maji kwenye matamvua. Ila akifanya hivyo kwa kasi huku ameinua kichwa karibu na uso wa maji, oksijeni imepungua.

Majirani wa Kisumu watamwita kamongo, na kwa umbo hawajakosea sana. Lakini kamongo ana mapafu na huja juu kuvuta hewa. Mkunga hana, na stima ikipotea ana saa chache tu. Pampu za hewa za betri, zinazowaka zenyewe stima inapokatika, ziwe mbili. Ukiweza, weka inverta na betri ya 12V ya amp 100. Ukitumia nusu ya chaji yake, ambayo ndiyo salama kwa betri ya risasi, pampu ya wati 25 itazunguka zaidi ya saa 15. Taa izime, skima izime, hita isubiri: kinachookoa ni maji kutembea. Kama huna chochote, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu kila dakika chache. Na kama filta yako ni ya mkebe uliofungwa, ikikaa saa kadhaa bila maji kupita, ifungue uioshe kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Yaliyomo ndani yameoza.

Safari na siku ya kumpokea

Mwombe muuzaji asimlishe siku mbili kabla ya safari, ili asichafue mfuko. Mfuko uwe mnene, miwili kwa pamoja, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la stairofomu. Ndege kutoka Mombasa ndiyo bora. Basi la usiku linawezekana, lakini panga mtu wa kumpokea stendi saa ileile linapofika. Mwulize pia kiwango cha chumvi cha maji yake, na kabla mfuko haujafika weka tangi lako liwe sawa.

Kuna sababu. Katika safari ndefu amonia hujikusanya mfukoni, lakini hewa ya kaboni anayoitoa samaki hushusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu. Ile desturi ya kudondoshea maji kwa saa mbili inafaa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili. Huyu aliyesafiri usiku kucha, elelesha mfuko uliofungwa dakika 20 ili joto lilingane, fungua, pima chumvi, na kama tofauti ni ndogo mhamishe mara moja. Usitumie wavu, ute wake utatoka. Mwongoze aingie kwenye kipande cha paipu au bakuli, ziba kwa kiganja chenye glavu, na umwachilie ndani ya tangi. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa, funga kifuniko, na umwache.

Anaweza kujificha siku nyingi na kukataa chakula wiki mbili au zaidi. Maji yakiwa safi, hilo si la kuogofya.

Kulisha

Kamba, ngisi, pweza na kaa wa baharini waliogandishwa utawapata kwenye supamaketi kubwa za Kisumu na Nakuru. Wawe wabichi, bila viungo wala chumvi. Yeyusha, suuza, kata vipande visivyozidi upana wa kichwa chake. Acha ganda la kamba, linamfaa. Badilisha aina kila mlo, kwa sababu kamba na samaki kadhaa wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mkunga anayekula kitu kimoja mwaka mzima hudhoofika. Omena na ngege ni wa karibu na wa bei nafuu, lakini mafuta ya samaki wa maji yasiyo na chumvi si yale mwili wake uliyozoea. Usiwafanye chakula cha kila siku.

Mdogo mlishe mara tatu kwa wiki, mkubwa mara moja au mbili. Wakati mzuri ni jioni. Shika kipande kwa koleo refu la chuma cha pua na ukitikise mbele ya paipu. Macho yake ni dhaifu, anategemea harufu, kwa hivyo kichwa kitatoka kwanza kikipepesuka huku na huku, kitapita karibu na chakula bila kukiona, kisha kitageuka ghafla na kunyakua. Utaona nyama ikiingia kooni bila yeye kufanya bidii ya kumeza. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright walieleza kinachotokea: mikunga wana taya la pili kooni, linalorushwa mbele hadi mdomoni, linashika nyama na kuivuta ndani.

Hiyo ndiyo sababu ya kutomlisha kwa mkono, hata akikuzoea kiasi cha kukufuata kwenye kioo. Hatofautishi kidole chenye harufu ya kamba na kamba. Akikuuma, usivute mkono kwa nguvu. Subiri aachie, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali uwaambie ni samaki wa bahari. Majeraha hayo huingia wadudu haraka, na watataka kujua chanjo yako ya pepopunda.

Wenzake tangini wawe samaki wakubwa wasio wakorofi, kama kangaja. Kaa na kamba wa mapambo atawala. Kikande na bunju hudonoa pezi lake la mgongoni.

Kila wiki mbili

Badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji, yaani lita 60 hadi 80 kwa tangi letu, yaliyochanganywa siku moja kabla. Pima nitrati, na ikipita 40 ongeza maji unayobadilisha au punguza chakula. Yale ya zamani yamwage kwenye bomba la maji taka, kamwe si kwenye sukuma wiki, chumvi itaua udongo. Mabaki ya chakula yatoe ndani ya nusu saa ya kulisha.

Samaki wengine wakipata vidoa vyeupe, usimwage dawa yenye shaba kwenye tangi la mkunga. Ute wake humkinga vizuri na vimelea hivyo, lakini shaba humuumiza. Wahamishe wagonjwa kwenye tangi dogo la pembeni uwatibu huko. Mkunga akiacha kula ghafla baada ya miezi ya kula vizuri, pima kwanza amonia, joto na chumvi, kwa mpangilio huo, kisha kagua kama kuna kipande cha nyama kimeoza nyuma ya mawe.